Damu ya Zena

Katika utoto wangu huko Kurui, Kisarawe, enzi za Mwingereza, hapakuwa na kiumbe aliyetutisha kuliko mumiani, mnyonya damu za watu. Simba alikuwa na nyayo. Mumiani hakuwa nazo. Tuliambiwa kwamba Mzungu ndiye humtuma, Mhindi ndiye hupokea, na damu ya Mwafrika hukaushwa ikawa dawa nyeusi ya kuuzwa. Dawa nyeusi ya jina hilohilo iliuzwa kweli, na kijijini kwetu muuzaji alikuwa Kanji, Mhindi aliyeishi nyuma ya duka lake pamoja na mkewe na watoto wao wadogo.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana msiba ule umesimuliwa vibaya mara nyingi.

Asubuhi moja jirani yetu Zena alikutwa amekufa, amejiviringa kaniki nyeusi, kwenye kijia kinachopita nyuma ya duka hilo. Alasiri ya jana yake, gari la Mzungu mpima barabara lilikuwa limesimama hapo dukani. Mwanamke wa kwanza kumfikia Zena alivigeuza viganja vyake, akapiga ukunga: "Hana damu! Tazameni, vyeupe kama unga wa muhogo!" Tangu hapo hakuna aliyeuliza Zena amekufa kwa nini. Walibishana tu nani atangulie kwenda kwa Kanji, mpaka wazee wakaamua maiti izikwe kwanza.

Bibi yangu ndiye aliyeosha maiti za wanawake. Kazi hiyo ina amana yake: aibu ambayo mwoshaji ataiona mwilini mwa marehemu huifunika, na hufa nayo. Mimi nilisogeza maji hadi kwenye pazia la kanga, nisivuke. Nikamsikia Bibi akisema, "Pamba haitoshi. Nipeni nyingine."

Kisha sauti ya Bi Pili, mama yake Zena: "Dada, nakuomba."

"Nimeshafunika, mdogo wangu. Ya hapa yataishia hapa."

Wanaume walizika baada ya sala ya alasiri, na kutoka makaburini hawakurudi msibani. Waliupita ua wa Bi Pili, tulimokuwa na Bibi, wakiwa na mapanga, mmoja akipaza sauti, "Kanji, jitayarishe! Leo tunakukamua wewe, tuone utatoka mafuta au pilipili!" Wenzake wakacheka. Nimewahi kusikia watu wenye hasira mara nyingi tangu siku ile, lakini kicheko kama kile sijakisikia tena.

Bibi akamgeukia Bi Pili. "Sema wewe uliyemzaa. Ukisema wewe, hakuna kitakachovunjwa."

Bi Pili alikuwa amelala akitazama ukuta. "Mhindi ana kwao," akajibu. "Mwanangu ana kaburi tu."

"Na wale watoto wake?"

Bi Pili akavuta shuka hadi usoni. Bibi akajitanda kanga, akanishika mkono, tukatoka.

Milango ya duka ilikuwa imefungwa. Ndani mtoto alilia, akazibwa mdomo, akalia tena. Mbele ya mlango alisimama Seifu, kaka yake Zena, na debe la mafuta ya taa.

"Shikamoo, bibi. Rudi nyumbani, haya ni ya wanaume."

"Marahaba. Weka debe chini, Seifu. Damu ya dada yako haikunyonywa."

"Viganja vyake tuliviona!"

"Mliona viganja. Mimi nimemwosha. Mimba iliharibika, damu ikamtoka yote. Nguo zilizolowa nimezizika kwa mikono yangu nyuma ya choo. Nenda kafukue."

 Mtu mmoja nyuma ya kundi akauliza polepole, kana kwamba anahesabu, "Mumewe si yuko Tanga kwenye mkonge tangu masika ya mwaka juzi?"

Seifu alimwaga mafuta yote miguuni mwa Bibi. "Umemuua dada yangu mara ya pili," akasema, akatema mate, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wa mwisho alirusha jiwe kwenye mlango hata hivyo.

Kanji na familia yake waliondoka asubuhi kwa lori la mkaa, wala hawakurudi. Sidhani kama walijua waliokolewa na nini. Walichosikia nyuma ya mbao zile ni kelele tu. Bibi hakuitwa tena kuosha maiti. Kisimani wanawake walimwita Mdomo wa Sanda, nami nikaitwa mjukuu wa Mdomo wa Sanda, mpaka nilipopelekwa shule.

Chuoni nilisoma maelezo ya wataalamu kwamba mumiani ni namna ambayo watu wa chini walieleza unyonyaji wa mkoloni. Siyakatai, mkoloni alinyonya. Lakini mumiani niliyemwona mimi alikuwa na kazi nyingine. Alimfunika Zena. Ilimradi yeye ndiye muuaji, hakuna aliyelazimika kuuliza mimba ile ilikuwa ya nani, wala kwa nini binti alikwenda kufia kijiani peke yake, asigonge mlango hata mmoja kati ya milango yetu. Kwa stara hiyo tulikuwa tayari kuchoma nyumba yenye watoto ndani.

Zamani nilimchukia Bi Pili kwa kunyamaza kwake. Sasa nina binti, na chuki hiyo imenitoka. Bibi simlaumu, wala sijawahi. Ninayemfikiria siku hizi ni Zena. Wawili wale walimgombania, mmoja kwa kusema na mwingine kwa kunyamaza, naye alikuwa tayari chini ya udongo. Sijui, lau angeulizwa, angemruhusu nani kati yao.