Nafasi ya Simu Ndani ya Helmeti

Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitaki mtu aniulize nilikuwa nimekunywa nini. Sikuwa nimekunywa. Ilikuwa saa tisa mchana, jua la Maungu linachoma, na hili kovu juu ya sikio langu si la kuchorwa.

Mimi ni mtu wa bodaboda. Nabeba abiria kutoka steji ya Maungu mpaka Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau. Na sisi watu wa boda tuna mtindo wetu wa kuchagua helmeti: hatuulizi kama itaokoa kichwa, tunauliza kama simu itaingia. Unaisukuma simu kati ya sikio na sponji, unaongea na wateja huku mikono iko kwenye usukani. Kwa hivyo unachukua helmeti iliyo kubwa kuliko kichwa chako. Mkanda wa kidevuni unaukata, kwa sababu unakera ukilowa jasho.

Asubuhi hiyo nilikuwa Voi kununua. Zile mpya zilinibana mashavu, nikamwambia muuzaji sikuja kufinywa kama mtoto mtundu. Akanitolea moja nyekundu ya mtumba, laini ndani kama mto. Upande wa kushoto sponji ilikuwa imebonyea, simu ikaingia bila taabu. Chini ya rangi niliona mstari wa ufa, nikajiambia ni mkwaruzo tu. Mkanda ulikuwa umeshakatwa. Nikafurahi, kazi imepungua.

Mchana akanisimamisha mzee mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani mpaka masikioni. Akasema anaenda Rukanga, akapanda. Tulipoziacha nyumba nyuma, vichaka vikavu kila upande, akaanza kuigonga helmeti yangu kwa kidole, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi. Nikamwambia aache mchezo. Akagonga tena.

Simu ikaita sikioni. Kabla sijaigusa, ikajipokea yenyewe. Sauti iliyotoka humo ilikuwa ya huyo huyo aliyekaa nyuma yangu, uniamini usiniamini, na pumzi yake naisikia shingoni.

"Imekubana?" akauliza.

Akaishika helmeti kwa mikono miwili, akaizungusha. Ikageuka yote, maana haikuwa na kitu cha kuizuia, nikabaki gizani na simu inanichimba jicho. Pikipiki ikaenda kule, mimi huku. Helmeti ilichomoka kabla sijafika chini, nikapiga ardhi kwa kichwa kitupu. Damu mdomoni, mchanga kwenye meno. Nikijaribu kuinuka, mzee akanipiga na ile helmeti. Akanipiga tena hapa juu ya sikio, mfupa ukalia. Lakini mimi nina hasira za karibu, sipigwi bure. Nilimrukia, nikamkaba, nikamvuta kile kitambaa mpaka kikafunguka.

Upande wa kushoto wa kichwa chake haukuwepo. Sisemi alikuwa na kidonda. Palikuwa na shimo kavu, refu, ukubwa wa simu, na vidole vyangu vilikuwa vimeshazama humo mpaka kwenye kiganja. Wewe ungefanya nini? Mimi nilijikojolea, na sioni haya kusema.

"Na mimi niliacha nafasi ya simu," akasema taratibu. Akaiweka helmeti barabarani kwa upole, kisha sikumwona tena.

Dereva wa trekta alinikuta hapo akanipeleka hospitali. Sikio hili limekufa, halisikii kitu, ila simu yangu ikiita linasikia ngo, ngo. Siku hizi navaa helmeti inayonikaza mashavu, nikitikisa kichwa inaenda nacho, na mkanda nimeufunga. Wenzangu wa steji wananicheka. Wacha wacheke.

Nilipopona nilirudi Voi nimvunje yule muuzaji meno. Nikamkuta ana rangi nyekundu vidoleni. Akasema kuna mtu aliiokota ile helmeti njiani akamletea, yeye akaipaka upya, na imenunuliwa asubuhi hiyo hiyo. Aliyeinunua aliondoka akitabasamu, akisema hajawahi kupata helmeti ambayo simu inaingia vizuri hivyo.

Simjui ni nani, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Kama ni wewe, simama hapo ulipo. Ivue, uivunje kwa jiwe, wala usimbebe mtu aliyejifunga kitambaa. Na simu ikiita humo sasa hivi, nakuomba, usiseme hata neno moja.