Maji ya Hema Kubwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninuse. Nilikuja na shati lililopigwa pasi na viatu vya kuazima, nikidhani nitapewa meza na kiti, kumbe msimamizi wa mtambo wa maji pale Kisumu hakuwa na habari na pasi yangu. Alinipangia vikombe vitatu juu ya ukuta. "Nusa, uniambie kipi kimetoka ziwani sasa hivi." Mimi vyote niliviona sawa. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe mtoto wa ufuko, pua yako imeoa samaki. Hapa tutawaachanisha."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nyinyi vijana mnaotembea na maji ya chupa kwapani mnisikilize vizuri, maana mkifungua mfereji mnadhani maji yanakuja yenyewe. Pale mtamboni tulianza na shabu, ile chumvi ngumu inayofanya tope lishikane na kuzama chini. Kisha maji yakapita kwenye mchanga. Mwisho tulitia klorini, unga mweupe unaoua vijidudu, na hapo ndipo unachota kidogo ndani ya kichupa na kutia tembe. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini imetosha. Yakibaki kama yalivyo, hakuna mtu kunywa. Msimamizi alinifanya nirudie kipimo hicho mpaka nikakiota usingizini.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa kuangalia mradi mdogo wa maji katika soko moja la ufukweni, njia ya kwenda Bondo. Jina la soko silitaji. Watu wake wamesemwa vya kutosha. Mkubwa wetu tulimwita Injinia, na hilo lilimtosha kama jina. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyekunja suruali na kuingia kwenye tope pamoja na sisi. Nasema haya ili mjue kwamba hakuwa mjinga. Afadhali angekuwa mjinga.

Mradi ule haukutumia shabu. Pampu ilivuta maji ya ziwa na kuyaingiza katika mabirika mawili mapana ya zege yaliyojaa mchanga laini, nayo yakateremka polepole mpaka chini. Baada ya muda, juu ya mchanga hujitengeneza utando wa kijani, unateleza, unanuka kidogo, na mgeni akiuona atasema ni uchafu. Huo utando ndio unaofanya kazi. Ndani yake mna viumbe wadogo sana wanaokula vijidudu vya magonjwa. Injinia mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Aliuchota kwa kidole akaniambia, "Hii ni ngozi ya maji, bwana. Ukiichuna, maji yako yako uchi." Mchanga ukiziba, unakwangua birika moja huku lingine likiendelea na kazi. Yale maji ya birika lililokwanguliwa unayamwaga mtaroni siku nyingi mpaka ngozi iote tena. Klorini ni ya mwisho, ya kupigia muhuri kazi iliyokwisha kufanywa.

Kilichonitoa jasho kuliko mchanga ni watu. Kina mama wa pale walikuwa wanachemsha maji ya ziwa, macho mekundu kwa moshi, na kuni zenyewe za kutafuta mbali. Nikazunguka boma kwa boma nikiwaambia: hii ya mfereji ni *pi sirkal*, maji ya serikali, hayahitaji moto. Wengine walinifukuza. Mama Achieng', aliyekuwa na hoteli ya mabati pale sokoni na sifa ya kupika kuliko mtu yeyote ufuko ule, alinijazia bilauri kutoka mferejini akaniwekea mezani mbele ya wateja.

"Kunywa wewe kwanza, Baba Otieno. Ukianguka, tutajua."

Nikanywa yote. Nikaomba nyingine. Watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo hoteli yake ikawa inatoa maji ya mfereji bila kuchemsha. Wengine wote wakamfuata yeye. Hawakunifuata mimi, jameni, walimfuata Mama Achieng'. Kwa miaka mingi hakuna aliyeugua kwa maji yetu, na mimi nilitembea pale sokoni nimevimba kichwa kama nimelichimba ziwa lenyewe.

Miaka ya tisini ikaja na gugu maji. Lilifunika ufuko, likaziba mdomo wa bomba, ikawa kila asubuhi lazima tuingie majini na mapanga. Klorini nayo ikaanza kuja kwa kusuasua. Leo kuna nusu pipa, kesho hakuna kitu, na ukiuliza unaambiwa uvumilie. Nilivumilia, kwa sababu ngozi ya mchanga ilikuwa nzima. Kwa ngozi ile unaweza kusukuma siku.

Ndipo akafa mzee mmoja mwenye jina kubwa pale, mtu ambaye watoto wake walikuwa maofisini Nairobi. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Mkubwa mmoja wa serikali angekuja, na habari ikamfikia Injinia kwamba huyo mkubwa, akishazika, angependa kuona mradi wa maji. Injinia alifika kwetu Jumatano, akasimama juu ya ukingo wa birika, akautazama ule utando.

"Hii ikwanguliwe. Yote mawili. Nataka mchanga uonekane."

Nilidhani anatania. "Yote mawili, Injinia? Na maji?"

"Maji yatapita."

"Yatapita bila ngozi! Na klorini hatuna hata kijiko. Si ni wewe uliyenifundisha?"

"Ninajua nilichokufundisha." Hakupaza sauti, hakuwahi kupaza. "Sasa nikufundishe kingine. Mkubwa akiona kijani pale, atauliza kwa nini tunawanywesha watu uchafu, na mbele ya kamera hakuna nafasi ya somo. Klorini nitaleta na lori kesho."

Lori lilikuja kweli. Lilileta rangi nyeupe ya kupaka mawe ya njiani na kuta za nyumba ya pampu. Klorini hakuna. Dereva aliniambia ameambiwa rangi kwanza.

Vibarua wakakwangua mabirika yote mawili, mchanga ukang'aa, ukapendeza kuuangalia. Mimi nikafunga koki kuu ya kwenda sokoni, nikaacha maji yamwagike mtaroni kama inavyotakiwa. Ijumaa mchana Injinia akarudi na kukuta mifereji mikavu. Akaniambia nifungue. Nikamwambia sifungui. Akaniuliza kama nataka mfereji upige miluzi ya hewa tupu mbele ya mkubwa, bomani kwa marehemu, watu wote wakitazama. Nikamwambia afadhali miluzi. Basi akavua koti, akampa dereva alishike, akaizungusha ile koki kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa anajua kuizungusha vizuri. Maji yakaenda.

Nilikimbia, vijana, na sikuwa mtu wa kukimbia. Nikaingia boma hili na lile nikipiga kelele watu wachemshe maji. Mnajua walinijibu nini? "Si wewe uliyesema hayahitaji moto?" Mzee mmoja akaninusa mdomo kuona kama nimelewa. Mwingine akasema nina kijicho na ukoo wa marehemu. Ni Mama Achieng' peke yake aliyeniangalia usoni na kuamini. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wapishi wa mazishi.

"Nyasaye, Mungu wangu," alisema. "Watu wanakuja kama mchanga. Nitachemsha kwa kuni gani?"

Tukaenda pamoja kwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mama Achieng' akaomba kuni za kuchemshia maji ya watu wote. Mwenyekiti akamjibu kuni ni za nyama na ugali, na hata hizo hazitoshi. Alipobanwa sana akakubali kidogo. "Chemsha sufuria moja, mama. Yapelekwe kwa wageni wa hema kubwa. Wengine wamezoea." Nilikuwa nimesimama pale. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Kwa hiyo Jumamosi wakubwa wa hema kubwa walikunywa maji yaliyochemshwa na kula chakula kilichotoka kwenye hoteli ya Kisumu. Watu wa kawaida walijipanga kwenye mfereji na vikombe, jua kali, vumbi, na nyimbo zimewakausha koo. Mkubwa alikuja kuona mchanga, akausifu, akapigwa picha na Injinia, akaondoka.

Kabla ya wiki kwisha kipindupindu kilikuwa ndani ya maboma. Mtu anaanza asubuhi, jioni macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Shule ikageuzwa hospitali. Tulizika watu wazima na watoto, na mmoja wao alikuwa mama mkwe wa Mama Achieng', aliyeishi naye nyumba moja. Watu wa afya walikuja kupima maji. Lakini klorini ilikuwa imefika siku moja kabla yao, mapipa kwa mapipa, na Injinia alitusimamia mpaka tukaitia. Kichupa kikageuka waridi, waridi nzuri kabisa. Wakaandika maji ni salama, wakaenda.

Chifu akaita baraza. Injinia akasimama, sauti ile ile ya upole. Akasema anawapa pole. Akasema maji yamepimwa na wataalamu. Kisha akauliza, "Wageni wa hema kubwa walikunywa maji ya mfereji huu huu. Ni nani kati yao ameugua? Hakuna. Lakini chakula hawakula hiki. Basi, wananchi, mimi si daktari, mjiulize wenyewe."

Watu wote wakageuza shingo. Mama Achieng' alikuwa amekaa mbele na kitambaa cha matanga kichwani.

Nikasimama bila kuinua mkono. Nikasema yote: mabirika, koki, klorini, na kwamba maji ya hema kubwa yalichemshwa, ndiyo maana hawakuugua. Nikamwonyesha Injinia kwa kidole, mkubwa wangu, mbele ya watu wote. Nilidhani nimemmaliza.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia yeye. "Mama, ni kweli? Ulichemsha maji ya wakubwa?"

"Ndiyo, nilichemsha."

"Ya wakubwa tu?"

Alisema, "Kuni zilikuwa..." na sauti ikakatika. Nikamtazama mwenyekiti wa kamati, nikamwita kwa jina, aseme. Akawa anatazama viatu vyake.

Mwanamke mmoja aliyezika mtoto akapiga ukemi. "Yaye! Kumbe alijua! Alijua maji ni mabaya, akawachemshia wenye magari, sisi akatupa kifo!"

Basi. Hapo hapakuwa tena na Injinia wala koki wala mchanga. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, na hakuna aliyesikia. Kufikia jioni hoteli ya mabati ilikuwa imebomolewa. Shemeji zake, waliokuwa wametoka kumzika mama yao, wakamwambia atafute pa kwenda. Alikwenda kwao, upande wa Sondu, na watoto wake.

Mimi nilipata uhamisho wa haraka kwenda Mamboleo, kulinda stoo ya mabomba. Mtu wa kunusa maji nikawekwa kuhesabu vyuma mpaka nikastaafu. Injinia alipanda cheo. Nasikia alistaafu kwa karamu, na hotuba, na mbuzi. Watu huniambia nisamehe, ni mambo ya zamani. Sijasamehe, na sina mpango. Mtu asiyejua akikosea unamfundisha. Yule alikuwa ameshika maisha ya watu, anajua uzito wake, akayaweka chini ili apigwe picha. Vijana wanaosoma kazi hii wakija kuniuliza, huwaambia mchanga na klorini watajifunza kwa mwezi mmoja. Siku mkubwa atakapovua koti, hakuna chuo kitakachowaambia la kufanya, na mimi pia sina la kuwaambia, maana nililofanya mimi mmelisikia.

Baada ya kustaafu nilikwenda Sondu siku ya soko kumtafuta. Nilimkuta ameketi nyuma ya magunia, anauza maharagwe makavu. Alikuwa amezeeka kunipita, ingawa ni mdogo kwangu. Alinikaribisha, akaniuliza habari za Otieno, akanipa kigoda. Nikaanza maneno niliyoyapanga njiani, kwamba nilisema ukweli, kwamba nilitaka wajue si yeye. Akaniacha nimalize.

"Ninajua ulisema ukweli, Baba Otieno. Nilikuwa pale." Akachota maharagwe, akayaachia yateremke kati ya vidole. "Nikuulize tu. Injinia alisema chakula, lakini watu walikuwa hawajamwamini sana. Mimi nilikuwa nimewalisha miaka mingi. Ungenyamaza siku ile, si ningekuwa bado kwangu?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na umri wa kudanganya vizuri.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ungekuwa kwako."

Akatikisa kichwa kukubali. Mteja alikuwa amefika, ameshika mfuko wazi, na Mama Achieng' akainuka kumpimia.