Nilivyoficha Ajali Ili Bima Isipande

Kosa ni langu, na sina wa kumsingizia. Aliyenigonga hakukimbia, bima yangu ilikuwa hai, kituo cha polisi hakikuwa mbali na hospitali zipo. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa akili yangu.

Ninaishi Makole, hapa Dodoma mjini. Kazini kwangu sipataji, maana wenzangu wakisoma hapa watanijua mara moja. Wao huniita mtaalamu. Mtu akinunua gari, mimi ndiye humwelekeza akate bima gani, ingawa hakuna aliyewahi kunifundisha. Gari langu nilikuwa nimelikatia bima kubwa, na kwa kuwa sikuwahi kudai fidia yoyote, kila nilipokata upya nilipewa punguzo. Punguzo lile nililipenda kupita kiasi. Nililitaja hata misibani.

Siku hiyo nilikwenda Mlali kumchukua mama mkwe wangu. Mke wangu, mama Neema, alikuwa amejifungua mtoto wetu wa pili, na mama yake alikuwa anakuja kumsaidia. Ni mama wa Kigogo mwenye heshima zake, maneno machache. Alikaa kiti cha nyuma na kuku wake kwenye kikapu. Mkanda hakufunga, kwa sababu sikumwambia.

Tulipofika Ihumwa, magari yakasimama kupisha ng'ombe. Na mimi nikasimama. Pikapu iliyokuwa nyuma yangu haikusimama, ikatuvaa kwa nyuma. Kuku walipiga kelele. Mama mkwe akawatuliza.

Dereva wa pikapu, mtu wa makamo, akashuka mbio.

"Kaka, kosa ni langu, nilikuwa naangalia simu. Mama yuko salama? Tumwite trafiki aje apime. Bima yangu ipo, watakutengenezea."

Mwenye akili zake akiambiwa hivyo anamshukuru Mungu. Mimi niliogopa. Nilijiambia kwamba trafiki akiandika, jina langu litaingia kwenye madai, na likishaingia, punguzo limekwenda na ada itapanda. Nilisikia hivyo kwa mtu, ambaye naye alisikia kwa mtu.

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Yamekwisha. Nenda salama."

"Yamekwishaje, kaka, na bampa iko chini?"

Alining'ang'ania mpaka tukapeana namba za simu. Nilirudi kwenye gari nikajiona muungwana kabisa.

Mama mkwe alikuwa ameshika bega.

"Mama, umeumia?"

"Kidogo tu, baba."

"Tukienda hospitali watataka fomu ya polisi. Na polisi wakijua, bima itapanda. Tuvumilie kidogo, mama. Na tusimshtue mama Neema, ndio kwanza ametoka kujifungua."

Akaniangalia kwa huruma. "Basi isipande, baba. Twende."

Gari nilitengeneza kwa fedha yangu, na fundi alinitoza zaidi ya nyongeza yote niliyokuwa naiogopa. Hata hilo sikulipigia hesabu. Mama mkwe nilimnunulia dawa ya kuchua. Yule dereva alinipigia, akapiga tena, nikaamini anataka kuniingiza kwenye madai yake, nikamzuia kwenye simu.

Nyumbani mke wangu akaanza kuona mambo.

"Mama, mbona mtoto unamwogesha kwa mkono mmoja?"

"Ndivyo tulivyoogesha zamani."

Mke wangu akanigeukia. Nikamwambia huenda ni mila ya Wagogo. Yeye ni Mgogo, mimi siye.

Wiki kadhaa zikapita, ukafika wakati wa kukata bima upya. Nikaingia kifua mbele kwa wakala wangu, dada mmoja mchangamfu. Aliponitajia ada, ilikuwa imepanda.

"Dada, mimi sijadai chochote. Imepandaje?"

"Imepanda kwa wateja wote, kaka. Punguzo lako lipo, ila limekatwa kwenye kiwango kipya."

Nikamuuliza habari za rafiki yangu mmoja aliyegongwa kwa nyuma akiwa amesimama, akaogopa kudai.

"Aliogopa nini? Aliyegonga ndiye mwenye kosa, kwa hiyo anadai kwenye bima ya huyo. Yake haiguswi. Kama ana wasiwasi na kampuni yake, angeuliza kwanza. Kuuliza hakupandishi ada. Kuna aliyeumia?"

"Mama mkwe wake."

"Naye angetibiwa kwa bima ile ile. Alimpeleka hospitali?"

Nikamuuliza kama naweza kulipa kwa simu. Yule dada akaacha kuandika. "Mwambie rafiki yako ampeleke leo," akasema.

Nje ya ofisi nilimfungulia yule dereva kwenye simu, nikampigia. Alipokea haraka.

"Kaka, nilikutafuta sana. Niliripoti mwenyewe polisi na kwenye bima yangu. Walikuwa wanasubiri ulete gari likaguliwe tu. Ulipoacha kupokea, nilijua mama amefariki. Mke wangu amekuwa akimwombea marehemu."

Nilimkimbia mtu aliyekuwa ananitafuta anilipe.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu, tukampeleka mama hospitali. Walikuta mtulinga, ule mfupa unaoshika bega kwa mbele, ulivunjika ukajiunga vibaya. Daktari alituambia mkono ule hautapanda tena juu ya bega. Mama mkwe anaishi kwa jembe. Mke wangu alipiga magoti mbele ya benchi alilokaa mama yake.

"Mama, kwa nini ulinyamaza muda wote huo?"

"Mume wako alisema bima yake itapanda. Nilijua ni kama presha. Jirani yangu presha ilimpanda, akafa. Nikasema, nisije nikakuacha mjane na mtoto mchanga kwa ajili ya bega."

Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Siku hizi akitaka chumvi anamtuma Neema aniombe, nami nimekaa palepale mezani.

Madai tumeyafungua, kwa kuchelewa. Watu wa bima wananiuliza picha za gari, nami sikupiga hata moja. Wanauliza ushahidi kwamba bega liliumia siku ile, na shahidi wetu mkubwa ni yule dereva aliyetugonga, ambaye huacha shughuli zake kila tunapoitwa. Mimi nikiulizwa kwa nini sikuripoti, nasema nilikuwa nimechanganyikiwa. Ukweli naogopa hata kuutamka mbele ya karani.

Ndugu msomaji, ukigongwa, ripoti. Halafu kamuulize anayekuuzia bima, na usiwaulize watu wa ofisini kwako, kwa kuwa inawezekana mtaalamu wao ni mimi. Lakini kabla ya hayo yote, kabla hujashuka kukagua bampa, geuka nyuma umwangalie uliyembeba. Akisema ameumia kidogo, mpeleke hospitali.