Jicho la Fundi Saa

Fundi saa alikuwa akipunguza ua wa michongoma nyuma ya nyumba pale tawi lilipomchapa jicho la kulia. Akanawa, akalifikicha, akarudi kwenye meza yake ya kazi. Siku ya tatu jicho lilikuwa jekundu, linatiririka machozi, na taa ya mezani ilimchoma kama sindano.

Dada yake mkubwa akamletea chupa ya matone aliyobakiza alipotibiwa mzio. "Weka haya, mdogo wangu. Mimi yaliniondolea wekundu kwa siku mbili."

Wekundu ulipungua kweli. Lakini baada ya wiki maumivu yalirudi kwa nguvu, na mkewe, akimtazama karibu na dirisha, akaona doa jeupe juu ya mboni. "Baba watoto, hapa si pa kuchezea. Twende hospitali."

Daktari wa macho alimtia rangi ya njano jichoni, akalimulika kwa mwanga wa buluu. Doa likang'aa kijani.

"Hiki ni kidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho," alisema. "Wengine hukipata kwa bakteria, wengine kwa virusi. Wewe ulichapwa na mti, kwa hiyo nashuku fangasi. Tutakwangua kidogo tupime. Ulitia dawa gani?"

Fundi akatoa chupa. Daktari akasoma maandishi yake, akaiweka kando. "Hii hutuliza uvimbe tu. Imeficha dalili huku fangasi wakistawi. Nani alikupa?"

"Nilinunua mwenyewe."

Mkewe alimtupia jicho.

Vipimo vikathibitisha fangasi. Alitiwa matone kila saa, kisha mara chache zaidi, kwa wiki sita. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Kwa jicho lile aliona ukungu. Akaanza kujizoeza kushika lenzi ya kazi kwa jicho la kushoto, na saa ndogo za kike akazikataa kwa miezi miwili.

Kilichomkaa moyoni zaidi ni dada yake. Mkewe alikuwa amemropokea kwenye simu kwamba matone yake ndiyo yaliyozidisha kidonda, na tangu hapo dada hakukanyaga kwao. Jumamosi moja fundi akamfuata.

"Nimekuharibia kazi," dada alisema mlangoni, akilitazama kovu.

"Kufikicha nilifikicha mwenyewe, na hospitali nilichelewa mwenyewe. Ukitaka tugawane kosa, sawa. Lakini usinikimbie, dada."

 Dada aliingia chumbani, akarudi na boksi la dawa za zamani za nyumba nzima, akalimwaga mezani. Wakaketi, yeye akisoma maandishi madogo, fundi akitenga za kutupa.