Kope Nilizong'oa

Kope za mama yangu ziliota kuelekea ndani, zikawa zinamkwaruza jicho kila alipolifumba. Kwa miaka mingi nilimng'olea mimi. Kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, aliketi mlangoni penye mwanga akainua uso, nami nikazing'oa moja moja kwa kibano.

Hatimaye alipangiwa upasuaji mdogo hospitalini Homa Bay, wa kuzigeuza kope zitazame nje. Sikutaka avuke ziwa kutoka kisiwani kwetu Mfangano huku machozi yakimtoka. Tena niliona aibu kumfikisha kwa daktari akiwa na jicho chafu. Basi siku moja kabla ya safari nilizing'oa zote, nikaridhika.

Daktari alimulika jicho, akamulika tena.

"Mama, hizo kope zinazokuchoma ziko wapi?"

Mama alininyooshea kidole kwa fahari. "Huyu ameziondoa vizuri."

Daktari akasema lazima azione ndipo ajue pa kukata. Turudi zikishaota.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Aliyetupigia simu kutoka hospitalini kutupa tarehe alikumbuka kutuambia tubebe kadi, leso, hata malapa. La kope hakulitaja. Lakini kibano kilikuwa mkononi mwangu, si mwake.

Ijumaa chache baadaye kope zilikuwa zimeanza kuchomoza. Mama aliketi mlangoni, jicho likitiririka. Nilimwambia sitazigusa mpaka daktari azione. Aliinua uso vilevile, akangoja, nami nikaikalia mikono yangu.