Kibao Shingoni mwa Bibi

Jumanne iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule na kibao shingoni. Alikisahau. Alishuka kwenye basi la shule hapa Bagamoyo mjini, akavuka barabara, akaingia ndani, akavua viatu, akala maandazi mawili, na muda wote huo kibao kinaning'inia juu ya tai yake. Ni kipande cha mbao kisichozidi kiganja, kimetobolewa matundu mawili na kupitishwa kamba ya katani. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa amevunja sheria. Sheria yenyewe ni kwamba amesema Kiswahili ndani ya uzio wa shule.

Na si muda mrefu uliopita tulikuwa kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mkuu akatusomea hotuba ndefu juu ya faida za kujua lugha zaidi ya moja. Mtoto mwenye lugha mbili, alisema, ana akili nyepesi, hapotei ugenini, kazi ndiyo inamtafuta yeye. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana nilijiona naijua habari hiyo kumshinda yeye.

Nilikichukua kibao kile nikakipima mkononi. Wewe unayenisoma, kama ulisomea shule za vijijini enzi zetu, huna haja ya kuelezwa. Uzito wake unaujua.

Nimelelewa Mkange, kwa bibi mzaa mama. Ukitoka mjini unaelekea kaskazini, njia ya Saadani. Siku hizo mvua ikinyesha gari halifiki, abiria mnalala njiani mkila mlichobeba. Bibi alikuwa Mkwere aliyeolewa na Mzigua, kwa hiyo nyumba yetu ya udongo ilikuwa na lugha tatu, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kikwere kilikuwa cha jikoni na cha kuwatukana kuku. Kizigua kilikuwa cha babu wakati wa uhai wake, kisha kikabaki cha majirani na cha shambani. Kiswahili kilikuwa cha wageni, cha redio, na cha maneno ya baada ya dua. Hakuna aliyenifundisha hata moja. Nilizinywa pamoja na uji.

Asubuhi tulikula mihogo ya kuchemsha kwa chai ya mchaichai. Jioni palikuwa na ugali na kisamvu alichokitwanga mwenyewe mpaka kikalainika, akakimwagia tui zito, na nikimaliza nililamba mwiko yeye akijifanya haoni. Mpunga ukianza kukomaa tulishinda shambani tukiwinga ndege, mimi nikipiga debe bovu, yeye akipiga kelele kwa lugha zote tatu. Nilipomuuliza kwa nini zote, alisema hajui ndege wale wametoka upande gani.

Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Siku ya gulio nilibeba kikapu nyuma yake nikaona maajabu. Kwa muuza vyungu wa Kizigua alikuwa Mzigua. Kwa mama aliyeleta ndizi kutoka upande wa Lugoba alikuwa Mkwere, ndugu wa tumbo moja, wakaanza kuulizana habari za wagonjwa kabla ya kugusa ndizi. Mmang'ati mwenye maziwa, bibi alimsalimia kwa maneno matatu ya lugha ya huyo mfugaji, na hayo tu ndiyo aliyokuwa nayo. Yalitosha. Yule bwana alicheka, akatujazia kibuyu mpaka kikamwagika.

“Mke mwenzangu,” alikuwa akiniambia tukirudi, “lugha ni mlango wa uani. Nyumba ya mlango mmoja, siku ya moto utatokea wapi?”

Lakini kazi kubwa ya ndimi za bibi ilikuwa misibani. Wakwere na Wazigua wa kwetu ni watani, na mtani hana adabu mbele ya maiti. Ndiyo kazi yake. Akifa Mzigua, bibi aliitwa. Alifika akiwa amevaa kanga ya marehemu, akiiga mwendo wake, akakaa kizingitini kulizuia jeneza lisitoke. Akamsema marehemu kwa Kizigua safi: amka wewe mvivu, hilo shamba ulilotuachia na majani nani atalipalilia? Ndipo mmoja wa nyumba ile, mwanamke wa damu, amjibu kwa matusi yake, amwite mlafi, aseme amefuata pilau. Watarushiana hivyo mpaka waliokuwa wakilia wacheke, kisha bibi atapewa kuku, atanyanyuka, na jeneza litapita. Niliwaona wajane wakicheka na machozi hayajakauka. Bibi alisema mtu asiyechekwa siku ya kuzikwa kwake ni kama aliyekufa porini.

Alikuwa na shoga yake mmoja, Mzigua wa kijiji cha pili, mtani wa kweli. Wale wawili waliahidiana mbele yangu, wakipukuchua mahindi, kwamba atakayetangulia atasemwa na aliyebaki mpaka aone haya kaburini. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Basi nikaanza shule. Pale shuleni kilugha kilikuwa marufuku, na kibao kilikuwepo. Kilikuwa na maneno matatu: MIMI NI MSHAMBA. Ukikamatwa unasema Kikwere au Kizigua, unavishwa. Unatembea nacho mpaka umkamate mwingine, naye anavaa. Kengele ya mwisho ikimkuta nacho mtu, anapigwa viboko mbele ya mstari.

Nilikamatwa mara mbili, ya tatu nikapata akili. Niligundua kwamba mtoto anaweza kuuchunga ulimi wake siku nzima, lakini ukimkanyaga mguu kwa kisigino atalia kwa lugha ya kwao. Nilikuwa hodari wa kukanyaga. Wenzangu walikaa mbali nami wakati wa mapumziko, na mwalimu alinisifia Kiswahili changu. Nilijivuna, nisikufiche.

Siku moja ya kazi za shamba la shule nilisahau jembe nyumbani, na siku hiyohiyo nilikuwa na kibao. Nilikuwa nimehangaika tangu asubuhi. Wote walishanijua, wamekunja miguu yao. Kengele ilikuwa karibu. Ndipo bibi akatokea na jembe begani, amekuja kwa miguu jua kali, akasimama karibu na mlingoti wa bendera, akaniita kwa Kikwere kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Shule nzima iligeuka.

Nilimwendea. Nililipokea jembe, nikaliweka chini. Kisha nikakivua kibao na kunyoosha mikono kumvisha. Sikumfikia. Yeye, akidhani mjukuu wake anampamba, aliinamisha shingo kunisaidia.

Vicheko vilivyolipuka bado navisikia. Mwalimu barazani alicheka mpaka akafuta macho. Bibi naye alicheka, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mtani na hakuwahi kuukataa mzaha. Kengele ikalia, mimi sikupigwa.

Njiani alitembea nacho vilevile shingoni. Tulipofika kwenye mto mkavu akaniuliza, “Mke mwenzangu, kimeandikwaje hiki?”

Ningeweza kumdanganya. Hakujua kusoma, ningesema kimeandikwa bibi mwema, akafa nacho. Sijui kwa nini nilisema kweli. Nadhani nilitaka ajue kwamba mimi nimeshatoka huko.

“Kimeandikwa mimi ni mshamba. Ni kwa sababu ya Kikwere, bibi.”

“Hee,” alisema. Tukatembea kidogo. “Basi si uongo. Shamba ninalo.”

Akakivua taratibu, akafuta vumbi kwa pindo la kanga, akanirudishia. “Kesho kirudishe kwa mwalimu, kisije kikakupotea.”

Tangu siku ile hakusema nami tena Kikwere, wala Kizigua. Hakunichapa, hakununa, hakunisemea kwa mama. Alisema nami Kiswahili tu, kile chake cha wageni, kama vile mimi ni karani aliyekuja kuandika majina ya watu wa nyumba. Aliniambia karibu chakula. Aliniambia samahani, naomba nipite. Na hakuniita tena mke mwenzangu, aliniita mwanafunzi. Usiku nilimsikia jikoni akiongea Kikwere na kuku, akiwatukana kwa mapenzi, nikawaonea wivu kuku. Ningeweza kwenda nikasema neno moja tu la Kikwere, yakaisha. Sikwenda. Nilikuwa na aibu, na aibu ya mtoto ni kaidi. Baadaye nikafaulu, nikaenda sekondari, na zile lugha mbili zikanitoka bila mimi kujua ni siku gani.

Maisha yamenilipa vizuri, usidhani nalia njaa. Kiingereza kimenipa kazi, nimepanda ndege kwa ajili yake. Nilipoambiwa bibi amefariki nilikuwa mkutanoni nikiwatafsiria wageni, na wageni walinisifu.

Nilifika Mkange asubuhi. Mama alishatangulia mbele ya haki zamani, wajomba wakawa makaburini wanachimba. Ndani tulikuwa wajukuu, wengi wamekulia mjini, wameshika simu. Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na mimi ndiye niliyelelewa pale, kwa hiyo kila mama aliyeingia alinitazama mimi. Sikuelewa wananitazamia nini mpaka jeneza liliponyanyuliwa.

Yule shoga wa bibi, Mzigua, alikuwa mlangoni. Alikuwa mzee mno, anashikiliwa na mkwewe, lakini alikuwa amejifunga kanga ya bibi, ile ya maua ya mkorosho, na alipoingia aliiga mwendo wake, goti la kushoto likikataa kukunjika. Akajitupa kizingitini, akanyoosha miguu kuziba njia, akaanza kumsema bibi kwa Kizigua. Nilishika vipande. Nilisikia kuku, nilisikia kisamvu, nilisikia jina la mto. Mengine yalikuwa kama maneno ya watu chumba cha pili. Wazee wachache walitabasamu, wakanigeukia.

Zamu ilikuwa yangu. Nilitakiwa nimwite mlafi, nimwambie aondoe magoti yake yenye kutu. Tusi moja tu, kwa Kikwere, kwa Kizigua, hata la kuokota. Nilifungua kinywa, na pale ambapo lugha zilikuwepo palikuwa patupu.

“Bibi, shikamoo,” nilisema. “Tunakuomba utupishe kidogo. Maiti isicheleweshwe.”

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake. Ingekuwa hasira ningeshukuru.

“Marahaba, mwanangu,” alijibu kwa Kiswahili, kile kile cha wageni. “Samahani.”

Alivua kanga, akaikunja mara nne, akaniwekea mikononi. Mkwewe akamnyanyua, na yule mzee akaenda kukaa kando ya ukuta, akalia. Jeneza likatoka. Yule aliyewachekesha wajane wa vijiji vyote vile alitoka nyumbani kwake kimya, na hakuna aliyecheka. Kuku aliyetengwa kwa ajili ya mtani alibaki amefungwa miguu chini ya kitanda mpaka jioni.

Yule shoga naye ameshakwenda. Nasikia misibani Mkange siku hizi wanakodi vipaza sauti, na mtani akitokea anafanya kwa Kiswahili, dakika mbili, watu wanampiga picha. Nyumba ya bibi imeanguka. Mlango wa uani ndio uliotangulia.

Mambo haya yote yalinipitia akilini nikiwa nimekishika kibao cha binti yangu mezani. Nikamuuliza amekipataje. Yeye hasemi Kiswahili ovyo. Hata nyumbani hunijibu Kiingereza.

“Mwenzangu alinikanyaga mguu,” alisema. “Kwa kisigino, makusudi. Nikalia, mamaa, naumia.”

Niliuvuta mguu wake juu ya mapaja yangu. Kidole gumba kilikuwa kimevilia damu. Nikakipuliza, nikatafuta lile neno bibi alilonipulizia mimi nilipojikwaa, neno la Kikwere la kumtuliza mtoto. Sikulipata.

“Usijali, mama,” binti yangu alisema, akakitazama kibao. “Nimeshajua wanavyofanya. Kesho na mimi nitamkanyaga mtu.”