Pleti Iliyochelewa Kwenda Bahati

Habari za kifo chake nilizipata kwenye grupu la simu la mtaa wetu wa Section 58, kati ya ujumbe wa kukatika kwa maji na mwingine wa mbwa aliyepotea. Ilikuwa mistari miwili tu: mzee wa nyumba ya kona ameaga usingizini, na mwili utachomwa leo alasiri kwa desturi ya dini yake. Wasomaji wangu wa kila wiki wanajua kwamba mimi hurudia sentensi mara kumi kabla ya kuiachilia. Siku hiyo niliandika "poleni kwa familia", nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, na nilipotuma hatimaye watu walikuwa wamesharudi kwenye mambo ya maji. Nikatoka hadi uani. Pleti yake ya chuma, bamba la kufungwa chini ya gari lake, ilikuwa juu ya meza yangu ya kazi, imekunjwa, imetobolewa, ikisubiri mkono wa pili wa rangi.

Alikuwa Kalasinga, fundi wa kunyoosha mabodi ya magari aliyestaafu zamani. Mkewe alikuwa ametangulia, watoto wako ng'ambo, na yeye akabaki na nyumba kubwa na pikapu kuukuu. Mimi nilikuwa najifundisha kukunja chuma kwa video za simu, ili nikinge tumbo la gari langu dogo dhidi ya mawe. Nilikuwa nabana pleti kati ya vyuma viwili vya pembe, kisha naigonga taratibu kwa nyundo hadi ilale. Siku moja alisimama langoni. Nikadhani amekuja kulalamikia kelele, nikaanza kuomba radhi kabla hajafungua mdomo. "Si kelele," akasema. "Hiyo nyundo inalia vibaya. Pleti yako haijabanwa upande wa kushoto." Nikaangalia. Kweli, ilikuwa imelegea. Alikuwa ameisikia kutoka jikoni kwake. Akanionyesha pia kwamba chuma hukunjwa kupita kidogo pale unapotaka, kwa sababu ukikiachilia hurudi nyuma chenyewe. Pleti tatu zilikuwa zimeniharibikia kwa kutojua hilo.

Wiki chache baadaye alinipa kazi. Kila Jumapili alikuwa akiendesha hadi Bahati kunywa chai na mzee mwenzake waliyefanya kazi pamoja gereji moja, ambaye sasa miguu imemkataa. Jiwe la barabara ile lilikuwa limepasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Aliitengeneza, lakini akaapa kutorudi bila kinga. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hangeweza kugonga mwenyewe. Nikamwambia wiki moja. Huko Bahati mahindi yalikuwa yakipandwa.

Sasa niseme ukweli wangu. Mkunjo wa kwanza ulipinda kwa unene wa kucha, nikautupa. Wa pili ulikuwa na alama ya nyundo. Kila Jumamosi alikuwa anakuja. "Injinia, tayari?"

"Bado kidogo, mzee. Ukingo umetoka nje."

"Nje wapi? Nani atalala chini ya gari na rula? Mawe?"

Pleti ya nne ilinitoka safi hata nikaipiga picha. Akaishika, akaigeuza, akacheka hadi kilemba kikasogea. "Nzuri kabisa. Na oili chafu itatokea wapi? Puani?" Nilikuwa nimesahau tundu la kufikia nati ya kutolea oili chafu. "Toboa tu hapa," akasema, akiweka kidole. Lakini tundu hapo lisingekaa katikati ya pleti, na mimi sikuweza kulivumilia. Nikamwambia naanza upya. Akaangalia pikapu yake. "Sawa, injinia," akasema. "Lakini Bahati ni mbali kwa miguu."

Siku moja nilimwambia kwamba angeipeleka kazi kwa mafundi wa mjini, wangeimaliza siku moja. Akajibu, "Wewe umeanza, wewe utamaliza." Nilidhani anaiamini mikono yangu. Sasa nafikiri labda uani kwangu ndipo palikuwa mahali pekee alipokuwa na sababu ya kwenda. Sisi tuliojifundisha wenyewe tunajisifu kwamba hatukuhitaji mtu. Video unaisimamisha, unairudisha nyuma, unairudia hadi usiku wa manane. Kitu kimoja haikuambii: hiyo imetosha. Hilo huambiwa na mtu aliyesimama karibu nawe, na mimi niliambiwa kila Jumamosi nikajifanya sisikii.

Jumapili baada ya mwili kuchomwa niliweka pleti kwenye gari nikaenda Bahati kwa mzee mwenzake. Mahindi yalikuwa yamebeba. Mzee yule alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni pa jikoni, na habari alikuwa ameshapigiwa simu. "Wewe ndiye injinia?" akauliza. Nikamwekea pleti magotini. Alipitisha kidole gumba kwenye mkunjo polepole, kutoka mwisho hadi mwisho, kama fundi anavyofanya.

"Iko sawa?" nikauliza. Naona aibu kwamba niliuliza.

"Iko sawa sana. Aliniambia kwa simu unatengeneza kitu kizuri." Akanirudishia. "Lakini mimi sikuwa nangoja chuma, mtoto wangu. Nilikuwa namngoja yeye."

Kisha akaita chai iletwe. Tukainywa pale mlangoni.

Nimejifunza hili, na naliandika bila kulirudia mara kumi: kazi ya mtu ikikaa mikononi mwangu, kuna maisha yake yamekaa nayo, na hayo hayangoji rangi ikauke. Pleti nimeifunga chini ya gari langu. Ilikuwa imepimiwa pikapu, kwa hiyo haikuketi vizuri. Ilibidi nitoboe matundu mapya, na moja limekwenda upande. Nimeliacha hivyo. Kesho ni Jumapili, naenda Bahati.